Siagi Isiyoonjwa

Nimekula chumvi nyingi, na miongoni mwake imo niliyoitia mwenyewe kwa mkono huu, siku ambayo sikutakiwa kukosea. Nitaisimulia. Lakini kwanza ijulikane kwamba katika Bagamoyo ya wakati ule, zamani za bendera nyekundu ya Seyyid wa Unguja, Wajerumani wakiwa bado ni maneno ya barazani tu, hapakuwa na mwanamke wa kunishinda kwa siagi ya viungo. Waliojua samli walikuwapo. Samli kila mtu anaijua, ni kuchemsha mpaka maji yakauke. Siagi ina heshima yake, na ukiidharau nayo inakuumbua mbele ya wageni.

Nilizaliwa Dunda, baba yangu akiuza kaniki na shanga kibarazani mwa nyumba yetu. Nikaolewa nyumba ya mawe upande wa pwani, kwa watu ambao babu yao alitoka Maskati. Sikuingia mle na mali, niliingia na mkono. Wiki ya kwanza mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alinikabidhi maziwa ya ng'ombe wao wawili akaniambia tuone ulilofundishwa kwenu. Akaona. Tangu siku ile hakuna mwingine aliyegusa siagi ya nyumba ile, na mimi sikujifanya mnyenyekevu katika jambo hilo. Watu wakila nilikaa pembeni, kidevu juu, nikisubiri waseme.

Maziwa tuliyalaza siku mbili vyunguni mpaka yagande. Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, jua likiwa halijapata nguvu, tuliyamimina ndani ya kibuyu kikubwa kilichoning'inizwa kwa kamba kwenye boriti ya jiko la uani, tukakitikisa. Aliyekitikisa hasa ni mama mmoja mtu mzima, Mzigua, mjakazi wa nyumba ile tangu ujana wake. Nasema mjakazi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na sisi tulikula jasho lake bila hata kujiuliza. Yeye ndiye aliyenifundisha kukisikiliza kibuyu. Mwanzoni kinasema chwa, chwa, maji matupu. Kisha sauti inakuwa nzito, halafu mara unasikia kitu kinagonga ndani. Hapo siagi imeshikana.

Unaitoa kwa mkono, unaiosha kwa maji ya mtungini mara tatu au nne, mpaka maji yatoke safi kama yalivyoingia, kwani mtindi ukibaki ndani siagi ya leo inanuka kesho. Unaikamua kwa mwiko. Ndipo viungo: kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili mbichi iliyotolewa mbegu, kotmiri iliyokatwa ndogo kabisa, ganda la ndimu lililokunwa, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu. Hiyo ni ya kulia mkate wa mofa. Iko na ya tamu, ya iliki na zafarani na asali, hiyo niliiweka kwa asubuhi ya Idi. Chumvi huja mwisho, na baada ya chumvi unaonja. Kisha unaifunga kwenye jani la mgomba, unaitia ndooni na kuiteremsha kisimani, ining'inie juu kidogo ya maji mpaka ikaze.

Sasa Ramadhani. Aliyefunga haonji. Wako wanaosema ncha ya ulimi si neno ukitema, lakini mavyaa hakutaka kuyasikia hayo. Kwake, lililogusa ulimi limekwisha kuingia tumboni. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kila siku baada ya adhuhuri mavyaa alisimama mlangoni mwa jiko akauliza, "Nani ana ulimi leo?" Na mwanamke aliyekuwa mwezini, asiyefunga wala asiyesali siku hizo, aliitikia kwamba yeye anao. Huyo ndiye aliyeonja vyungu vyote, na nyuma ya pazia la ghala aliwekewa bakuli lake la uji. Wanaume hawakujua maana ya neno lile. Mume wangu alidhani tunazungumza ulimi wa ng'ombe, akaja siku moja kuuliza kwa nini yeye haletewi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na hakuna aliyemweleza.

Basi katika jiko lile hapakuwa na siri. Mwenye ulimi hana mimba. Na mke wa mtu akimaliza mwezi mzima bila ulimi, macho yote yanamshuka kiunoni.

Mwaka huo ulikuwa wa nne tangu niolewe, na mimba mbili zilikuwa zimetoka. Ya kwanza nilimwambia mavyaa mapema, akaitangaza mpaka Kaole. Watu wakaja na hongera, na baada ya wiki chache wakaja na pole, wale wale, na mashungi yale yale. Ya pili ikawa hivyo hivyo. Sikuona ubaya moyoni mwake, alikuwa na furaha isiyoweza kukaa kifuani. Lakini aliyekuwa amelala juu, akiwasikia wageni wakipunguza sauti wapandapo ngazi, ni mimi.

Mwezi wa Shaabani mavyaa akakata shauri. Kijana wake ataoa mke wa pili, binti wa mdogo wake yeye, na harusi itakuwa mfungo mosi, mwezi unaoanza na Idi, ambao ndio mwezi wa harusi kwetu. Mume wangu nilipomkabili alitazama viatu vyake akasema mama ameshasema. Nikamwambia vizuri tu, bila kelele, kwamba mimi sikai uke wenza: siku huyo mwenzangu atakapoingia mlango wa mbele, mimi nitatoka wa uani na talaka yangu, nirudi Dunda kwa baba. Sikuwa natishia. Na nilikuwa nampenda yule mtu, jamani, pamoja na ulegevu wake wote mbele ya mama yake. Ndiyo maana nisingeweza kukaa chumbani nikihesabu hatua zake akielekea kwa mwingine.

Ramadhani ilipoandama, nikajua kwamba nimeshika tena.

Utauliza kwa nini sikusema nikayamaliza. Kwa sababu nilikwisha kusema mara mbili. Nikisema na ikatoka, wangepata ushahidi wa tatu kwamba tumbo langu halishiki, na harusi ile ingepata haki ambayo hata mimi nisingeweza kuikana. Nikinyamaza, harusi nayo inasogea. Nikapiga hesabu zangu. Zile mbili zilitoka kabla ya kutimiza miezi mitatu, na hii ingeitimiza siku chache baada ya Idi, kabla wapiga ngoma hawajaitwa. Ningenyamaza mpaka hapo, kisha ningesema kwa sauti, nyumba nzima isikie. Mume wangu sikumwambia. Mdomo wake haukuwa na kifuniko.

Lakini ili ninyamaze, ilinibidi niwe na ulimi. Siku ya kumi na mbili ya mfungo, tarehe zangu zilipofika, mavyaa akauliza mlangoni, nami nikaitikia kwamba ninao. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu aliyekuwa bado hajaolewa, akanitania, karibu uji, wifi. Nikaenda nyuma ya pazia, uji nikaumwagia kuku kupitia dirishani. Nilikuwa nimefunga kama watu wote, na nilisali mlango ukiwa na komeo kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Kuku wa nyumba ile walinenepa Ramadhani ile, sitii chumvi.

Kuonja hakukunisumbua. Nilichovya kidole, nikakipitisha karibu na mdomo bila kugusa, nikatikisa kichwa kama mtu anayepima, nikasema imekaa. Na ilikaa kweli. Mchuzi naujua kwa rangi, wali naujua kwa mvuke, na chumvi mkono wangu unaijua bila kuambiwa. Siku tatu zikapita hivyo, watu wakala na kusifu. Nikavimba kichwa. Nikaanza kufikiri kwamba hata huko kuonja kwa miaka yote kulikuwa ni adabu tu.

Siku ya nne mavyaa akatangaza wageni. Mdogo wake, mama wa yule binti, atakuja kufuturu kwetu, wapange mambo ya harusi. Na mavyaa akataka siagi ya viungo na mkate wa mofa, na siagi itengenezwe na mimi, maana mdogo wake aliisikia sifa yake. Yaani mimi ndiye nimlainishie koo aje kunitoa nyumbani. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikajiambia, nitawatengenezea siagi ambayo watakapokuwa na mkwe mpya wataikumbuka kila jioni.

Asubuhi ile yule mama wa Kizigua aliiosha siagi peke yake, kwani mimi nilikuwa chumbani nikipigana na kichefuchefu. Ilikuwa nyingi, ng'ombe walikuwa wanakula majani ya mwisho wa masika, naye akaona nusu itabaki ya kesho. Akaitia chumvi ya kutunzia, chumvi ya mkono uliofumbatwa, kisha akaenda kutafuta majani ya mgomba. Hakuniambia, na hakuwa na kosa. Si nilisema nina ulimi? Mwenye ulimi angeonja, angeijua, angeiosha upya.

Mimi nikashuka, nikaweka viungo vyangu. Nikainusa. Saumu ipo, ndimu ipo, kotmiri ipo, kila kitu mahali pake. Chumvi haina harufu. Nikaitia chumvi yangu, ya kawaida, nikakanda, nikapitisha kidole karibu na mdomo mbele ya wifi, nikasema imekaa.

Adhana ilipolia tulikuwa juu, wanawake tupu, tumezunguka sinia mkekani. Tukafungua kwa tende. Mdogo wake mavyaa akamega mofa yenye moto, akachota siagi kama mtu aliyekuja kwa ajili yake, akatia mdomoni. Nilikuwa nimekaa pembeni na kidevu changu juu. Nikamwona amesimamisha taya. Akameza kwa shida, akanywa maji, akanywa tena, kisha akauliza kwa upole ule wa watu waliopata walichokitafuta, "Siagi hii nani kaitengeneza?"

Alijua. Kila mtu mle chumbani alijua. Mavyaa alikuwa naye ametia tonge mdomoni. Alilitafuna polepole, akalimeza. Akanitazama usoni, na macho yake yakashuka taratibu mpaka tumboni kwangu, yakatulia pale. Nilifungua mdomo nikiri.

"Mimi," akasema mavyaa. "Uzee huu, mkono umenizidi."

Akamega mkate mwingine, akaupaka siagi ile ile, akala wote bila kukunja uso. Mdogo wake akacheka kidogo, akasema dada sasa unahitaji mtu wa kukusaidia jikoni, na mimi nitakuletea. Mavyaa akasema ya harusi tutayazungumza siku nyingine. Walipokwisha kunawa nikaionja kwa siri. Ilikuwa ya kukaushia papa.

Kesho yake baada ya alfajiri nilimkuta mavyaa jikoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamtuma wifi dukani kwa kitu ambacho tulikuwa nacho. Yule mama wa Kizigua alitaka kutoka naye, mavyaa akamwambia aendelee na kibuyu chake. Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa namna mtu anavyokaa akiwa na jambo.

"Siagi ya jana haikuonjwa," akasema.

Nikaanza kueleza kwamba labda mafua, labda kichwa, nikaona uso wake nikakatiza. Akaniambia nisimrundikie uongo juu ya uongo, ni mchana wa Ramadhani. Kisha akaniambia maneno ambayo hata leo yananiuma na kunifurahisha kwa pamoja. Alisema anakijua kiburi changu, anakiona kila siku kinavyokaa kwenye kidevu. Alisema mwanamke kama mimi, akiwa na ulimi, asingeiruhusu siagi ile ivuke kizingiti cha jiko hata ashikiwe jambia. Basi ulimi sina.

"Ya miezi mingapi?" akauliza.

"Miwili na siku tisa."

Kibuyu kikaendelea, chwa, chwa. Mavyaa alitazama mikono yake. Nikangoja furaha yake itoke mbio mpaka barabarani kama ilivyotoka mara mbili, haikutoka. Akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwa nini nilimficha yeye.

Nilikuwa na hasira za miaka miwili na zilikuwa zimeshafika mlangoni. "Mara mbili nilikwambia, Mama," nikasema. "Na mara mbili nililia mbele ya mji mzima."

Hakunikemea. Akasema kwamba mtu anayependa sifa kama mimi akikubali kulisha wageni chumvi ili mavyaa wake asijue, basi mavyaa huyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko chumvi yenyewe. Akasimama, akakung'uta kanga yake. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Sikiliza," akaniambia. "Hata hii ikitoka, wewe hutoki."

Yule mama wa Kizigua aliacha kutikisa kibuyu, na siku ile siagi ilichelewa kushikana, hakuna aliyemlaumu.

Mavyaa hakuwa mtu wa nusu nusu. Siku ile ile alipeleka habari kwa mdogo wake kwamba harusi haipo, bila kutoa sababu, na mdogo wake akanuna na kuacha kuja. Mimi akaniamuru niache kufunga. Mwenye mimba anayeihofia ameruhusiwa, akasema, utalipa ukiwa na nguvu. Hivyo baada ya adhuhuri alipouliza mlangoni nani ana ulimi, nikaitikia kwamba ninao, na safari hii ulikuwa wa kweli. Nilikunywa uji wangu wote, kuku wakabaki wananitazama. Siku zangu za kawaida zilipopita, akamwambia wifi kwamba tumbo langu limechafuka na mganga amenikataza njaa. Alisema uongo kwa ajili yangu ndani ya kumi la mwisho, yeye aliyeikataza ncha ya ulimi, akawa analisha maskini kila jioni kwa kuutubia. Hakumwambia mtu yeyote, hata mwanawe. Mume wangu nilimjulisha mwenyewe asubuhi ya Idi, huku akila siagi ya iliki, nikamwapisha anyamaze. Alilia ndani ya mkate wake, maskini.

Mimba ile ilitoka mfungo mosi.

Ilikuwa imevuka miezi mitatu kwa siku sita. Nilikuwa nimeanza kuamini. Sitaeleza siku ile, waliopata wanajua. Mavyaa alinikogesha mwenyewe, akazika mwenyewe kilichozikwa, na ngazi zetu hazikupandwa na mtu wa pole hata mmoja, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewahi kuambiwa hongera. Nilizaa baadaye, wawili, nao wana wao sasa. Lakini wakati ule hakuna aliyejua kama nitazaa, mimi sikujua, wala mavyaa hakujua. Nataka hilo likumbukwe.

Siku ya tatu, mchana, nikiwa bado sijaweza kukaa, nikasikia sauti ya mdogo wake mavyaa uani. Mambo haya yana njia zake za kufika. Dirisha langu lilikuwa juu ya jiko, na mgeni yule hakuwahi kujua kunong'ona. Alisema amesikia, na Mungu ndiye mpangaji, lakini sasa dada amejionea mwenyewe, mara ya tatu hii, na binti yake bado yupo nyumbani, na mwezi wa harusi bado haujaisha. Alisema mengine pia. Nilifumba macho nikaanza kupanga kichwani vitu vyangu vitakavyotangulia kwenda Dunda: sanduku, mwiko wangu, kinu kidogo cha iliki.

Mavyaa alimwacha amalize. Kisha nikamsikia.

"Shusha sauti," akasema. "Binti yangu anaumwa huko juu."

Mdogo wake akauliza binti gani, maana alijua dada yake ana binti mmoja tu, na alikuwa amempita mlangoni sasa hivi akichambua mchele. Nikasikia makubazi ya mavyaa yakipanda ngazi.